Mpwa Wangu, Soma Chuma Kabla ya Kusoma Kadi

Mpwa wangu,

Juzi usiku ulinipigia simu mvua ikigonga bati, nikakusikia nusu. Nusu hiyo ilitosha. Umepata Land Rover 109 ya mwaka 1969 huko Kihonda, Morogoro, dalali anaapa injini ni orijino na haijawahi hata kushushwa, na mwenye gari anataka kishika uchumba kabla ya Jumapili kwa sababu eti yuko mteja mwingine anatoka Dar es Salaam. Asubuhi ukanitumia picha ya kadi na picha tatu za gari. Nimezitazama kwa miwani, nikazirudia mchana kwenye mwanga. Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana maneno ya simu huisha na salio, na haya nataka uyasome pamoja na wenzako wanaosaka magari ya zamani tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, liwatie moto.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye huulizwa kwanza inapokuja posa au shamba. Mgeni akifika kijijini haulizwi kazi yake. Anaulizwa yeye ni wa lukolo gani, yaani ukoo gani, na jibu likiwa la kubabaika wazee hutazamana. Injini nayo ina lukolo lake, limeandikwa kwenye chuma, na mimi nimelisoma kwa miaka arobaini. Kwa hiyo nivumilie nikiwa na maneno mengi.

Nianze na kadi yako. Namba ya chasisi inaanza na 252. Mstari wa mafuta umeandikwa dizeli. Mpwa, kwa tarakimu hizo tatu na neno hilo moja, kiapo cha dalali kimekwisha.

Kiwanda cha Land Rover pale Solihull, Uingereza, kilitengeneza aina ya IIA kuanzia 1961 hadi 1971, na tarakimu tatu za mwanzo za chasisi zilikuwa na maana yake. Gari la 109 lenye silinda nne za petroli lilianza na 251 hadi 255, kutegemea usukani uko upande gani na gari linauzwa wapi. La dizeli lilianza na 276 hadi 280. Namba 252 ni petroli, usukani wa kulia, la kuuzwa nje ya Uingereza. Gari lako hilo lilizaliwa na injini ya petroli ya lita 2.25. Kama leo linakunywa dizeli, basi siku moja, mahali fulani, injini ya kwanza ilishushwa ikapandishwa nyingine. Au chasisi yenyewe ndiyo ngeni. Sijaliona gari, sijafungua boneti, na tayari najua kwamba neno "haijawahi kushushwa" si la kweli.

Sijasema usilinunue. Hilo tutalifikia. Kwanza nataka ujue kwa nini nalishikilia jambo hili kama naapishwa.

Mwaka 1994 nilikuwa na gereji ndogo Mwembesongo. Akaja mzee mmoja wa Matombo aliyekuwa akishusha ndizi na mananasi mjini kwa magari ya kukodi. Yeye na ndugu zake wawili walikuwa wamechanga fedha, wamepata Land Rover, wakataka nilikague. Nililiwasha nikasikiliza. Nilitazama moshi, nikatazama mafuta kwenye kijiti, nikaweka kiganja pale pumzi ya injini inapotokea. Nilipanda nalo mpaka Kola nikashuka nalo. Injini ilikuwa na afya. Nikamwambia, "Chukua, baba, hili gari zima." Namba ya injini sikuitazama. Grisi ilikuwa imeganda nene pale, nilikuwa na gari lingine linanisubiri, nikajiambia namba ni kazi ya askari.

Miezi saba baadaye gari lilisimamishwa kwenye ukaguzi. Mkaguzi akapasafisha pale nilipopaacha na kukuta namba imesagwa, juu yake imegongwa nyingine ya kufanana na kadi. Ikaja kubainika injini ilikuwa ya gari lililoibwa. Land Rover ya yule mzee ilikaa kituoni mwaka mmoja na miezi miwili. Nyasi ziliota mpaka zikaingia kwenye sakafu. Aliporudishiwa, gari lilikuwa bodi bila injini, na aliyemuuzia alikuwa ameshahama mji. Mzee hakunilaumu hata siku moja. Aliendelea kunisalimia vizuri kila tukikutana sokoni, na salamu yake ndiyo iliyoniumiza. Dakika kumi za mafuta ya taa na brashi zingemwokoa. Tangu siku hiyo sijawahi kusema neno "zima" kabla sijasoma namba.

Ujue pia kwamba hatuko peke yetu katika hili. Huko Marekani wako watu wanaopenda magari waliyoyapa jina la magari ya misuli: Pontiac GTO ya 1964, Chevrolet Camaro, Dodge Charger na wenzao, magari ya kawaida yaliyotiwa injini kubwa za silinda nane. Leo hayo ni mali. Gari lenye bloku ile ile iliyofungwa kiwandani huuzwa ghali kuliko pacha wake mwenye bloku ya kuazima, hata kama yote mawili yanakimbia sawa. Kwenye Camaro ya 1969, mbele ya silinda hedi ya kulia, kuna kijukwaa kidogo kilichosawazishwa. Hapo pamegongwa alama za kiwanda na siku injini ilipoundwa, na kwenye bloku ipo pia sehemu ya namba ya gari lenyewe. Kwa hiyo namba ya injini na ya gari zinaweza kulinganishwa uso kwa uso.

Matapeli wakajifunza kukisaga kile kijukwaa na kugonga namba wanayoitaka. Lakini mashine ya kiwandani ilipokuwa ikisawazisha bloku iliacha mistari myembamba sana, iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma, kama nyuzi za kitambaa. Ukisaga, mistari hufutika au hugeuka upande. Mnunuzi anayejua kazi hatupii macho namba kwanza. Anatazama mistari iliyo chini ya namba. Nimelisimulia hili kwa sababu elimu hiyo inafaa kwa bloku yoyote duniani, iwe ya Detroit au ya Solihull.

Hapo hapo kuna mtego ambao vijana wengi mnaingia. Mnasoma habari za hao Wamarekani, mnafungua boneti ya Land Rover ya zamani, mnakuta namba ya injini hailingani na ya chasisi, mnapiga kelele kuwa injini imebadilishwa. Kwenye Land Rover za II, IIA na III hazikuwahi kulingana. Injini ilipewa namba yake, chasisi yake, na kilichoziunganisha ni daftari la kiwandani. Madaftari hayo leo yanatunzwa na British Motor Museum pale Gaydon, Uingereza, na kwa ada wanatoa cheti kinachoeleza gari lilijengwa lini, lilipelekwa wapi na lilitoka na injini namba ngapi. Kama siku moja unataka kumuuzia gari mkusanyaji wa Ulaya na kutamka neno orijino bila kigugumizi, cheti hicho ndicho ulimi wako. Kwa gari la kubeba vitunguu vya Mgeta si lazima. Kwa gari linalouzwa kwa bei ya urithi ni lazima, na gharama yake abebe anayeringa.

Sasa kazi yenyewe.

Beba mafuta ya taa lita moja, matambara, tochi, chaki, karatasi nyembamba, penseli, na brashi ya nyaya za shaba. Brashi ya chuma kigumu iache nyumbani, na mtu akija na msasa au grenda mwondoe karibu na gari, maana akishagusa pale umepoteza ushahidi na huenda wewe mwenyewe ukaulizwa. Injini iwe ya baridi.

Kwenye hizi silinda nne za Land Rover, namba imegongwa kwenye ukingo uliosawazishwa wa bloku, karibu na manifodi ya ekzosi. Ni mahali pabaya kwa macho. Mafuta yanayovuja kwenye kifuniko cha vali hushuka hapo, vumbi jekundu hunata, joto hulioka, na baada ya miaka panakuwa na ganda gumu kama ukoko wa ugali. Usianze kulikwangua. Simama ulitazame ganda lenyewe kwanza, kwa sababu nalo ni shahidi. Kama bloku nzima imevaa ukoko isipokuwa upana wa vidole vitatu mahali penye namba, jiulize nani alipasafisha kabla yako na alikuwa anatafuta nini. Kama bloku nzima imepakwa rangi mpya inayong'aa wakati boneti imeshika kutu, jiulize vivyo hivyo.

Halafu lowesha kwa mafuta ya taa, subiri. Robo saa. Vijana hamwezi kusubiri robo saa, lakini subiri. Futa kwa tambara, sugua taratibu kwa shaba, futa tena mpaka chuma kionekane kijivu. Chukua chaki uipitishe juu ya namba, kisha futa juu juu kwa kidole kikavu. Chaki itabaki ndani ya mikwaruzo na tarakimu zitasimama nyeupe. Weka karatasi juu yake na uisugue kwa ubavu wa penseli. Utapata nakala ya namba kama ilivyo, na hiyo karatasi uitunze. Picha ya simu ni nzuri, piga, lakini picha huficha kina, na kina ndicho tunachokitafuta.

Laza tochi ubavuni, mwanga upite sambamba na chuma. Hapo ndipo utaona. Uso wa kiwandani una nyuzi zake za mashine na zinaendelea chini ya namba na pembeni mwa namba bila kukatika. Uso uliosagwa una mawimbi, au mikwaruzo ya mviringo ya grenda, au kidimbwi kidogo ambacho ncha ya kidole inakisikia hata kama jicho halikioni. Tarakimu za zamani zina kutu na uchafu wa rangi moja na chuma cha jirani. Tarakimu za juzi zina sakafu safi na kingo kali. Tazama kama 3 haikuongezewa mgongo ikawa 8, na 1 haikuvalishwa mkono ikawa 4. Tazama kama tarakimu mbili zinazofanana, tuseme 6 na 6, zimetoka kwenye muhuri mmoja.

Lakini usiwe mwepesi wa kuhukumu. Namba kupinda kidogo si ushahidi wa wizi, maana hata kiwandani watu waligonga kwa mikono na mikono huchoka. Na bloku mpya iliyouzwa kama spea mara nyingi ilitoka dukani bila namba kabisa. Fundi akaigonga ile ya zamani, au akaiacha uchi. Jambo kama hilo lina karatasi yake: risiti, barua, kumbukumbu ya gereji. Karatasi ikikosekana, wewe usiwe wa kulitungia maelezo ya huruma.

Na hizi namba kubwa zilizovimba juu ya chuma, zilizosubiwa pamoja na bloku, usizichanganye na namba ya injini. Hizo ni za kalibu. Maelfu ya bloku yana namba hiyo hiyo. Nimeshaletewa picha zake mara nyingi na vijana wanaosema wamepata namba ya injini. Hawakupata kitu. Namba ya injini imezama, haikuvimba.

Mtu akikwambia namba ikisagwa basi imekufa, usimwamini. Muhuri ukigongwa hukibana chuma chini zaidi ya kina unachokiona, na wataalamu wa uchunguzi wanajua kupaka tindikali mpaka kivuli cha namba ya kwanza kikarudi juu. Yule aliyesaga injini ya mzee wa Matombo alidhani amefuta. Alikuwa amefunika tu.

Kwa gari lako la 252 kuna jambo jingine nataka ulitazame, nalo halihitaji tochi kubwa. Land Rover ya petroli ya enzi hizo ilikuwa na bomba moja la kutoa mafuta kwenye tangi. Dizeli inahitaji la pili, la kurudisha mafuta yaliyobaki kutoka kwenye nozeli. Inama chini ya kiti utazame tangi. Kama bomba la kurudisha limechomewa kwa mkono, au limeingizwa kwenye kifuniko kwa tundu la kutobolewa, umeona mahali injini ilipobadilisha dini. Halafu shuka kwenye maunti za injini. Kiwandani vikalio vilichomewa kwa mstari sawa. Injini ngeni ikiingizwa, mara nyingi vikalio vinakatwa, vinaongezewa vipande vya bati nene, na ule mchomeleo una matone kama nta. Tazama kati ya injini na gia boksi kama kuna sahani ya chuma ya kuunganishia. Tazama propela shafti kama ilikatwa ikaungwa. Tazama rejeta kama imesogezwa, na mipira yake kama ni ya gari jingine iliyokunjwa ikubali.

Usidhani hayo ni ya wapenda usahihi peke yao. Njia yako itakuwa Sangasanga kwenda Langali na Nyandira, na unaijua. Asubuhi ukungu, mchana matope, na ukishuka na mzigo wa kabichi na viazi, injini ndiyo breki yako ya kwanza. Unaingiza gia nzito, unaachia mguu, injini inalishika gari. Sasa injini hiyo ikiwa imekaa juu ya bati lililochomewa na mtu aliyekuwa na haraka, na maunti moja ikakatika kwenye kona, injini inalala upande, feni inakula rejeta, na gia inaweza kuruka ikakuacha na breki za miguu zenye umri wa baba yako. Nimefika kwenye ajali mbili za namna hiyo kule mlimani. Moja ilikuwa na watoto wa shule nyuma.

Wenzako wanaotafuta magari ya karibuni zaidi nitawaambia kwa ufupi. Land Rover 110 na Defender zina namba ya gari yenye herufi na tarakimu 17, na herufi ya 8 ndiyo ya injini. F humaanisha Tdi, yaani dizeli yenye turbo. Injini ya 200Tdi ya Defender namba yake huanza na 11L, ya Discovery huanza na 12L. Na hata kabla ya kusoma, turbo ya Defender imekaa juu, ya Discovery imekaa chini. Basi mtu akikuuzia Defender kwa injini ya Discovery akaiita orijino, mwonyeshe turbo tu. Toyota Land Cruiser wao walirahisisha: kibati kilichopo kwenye ukuta wa nyuma ya injini kinataja aina ya gari, na herufi za mwanzo ni za injini. HZJ75 ilizaliwa na 1HZ. BJ40 ilizaliwa na injini ya ukoo wa B, ya dizeli. FJ ni ya F, ya petroli. Kibati kikisema BJ na ndani kumekaa kitu kingine, umeshajua pa kuanzia mazungumzo.

Baada ya chuma, ndipo karatasi. Watu wengi hufanya kinyume: wanaona kadi safi, wanaridhika, chuma wanakitazama kwa heshima tu. Wewe soma chuma, andika ulichokisoma, kisha ufungue kadi ulinganishe herufi kwa herufi. Chasisi ya gari lako itafute kwenye mkono wa mbele wa kulia wa fremu, pale springi inapofungwa, si kwenye kibati cha ndani peke yake, kwa sababu kibati ni riveti mbili. Injini ikipishana na kadi, gari linaweza kuwa la halali kabisa na mwenyewe alikuwa mzembe tu. Lakini uzembe wake usiununue. Aende Mamlaka ya Mapato, TRA, yeye mwenyewe, kwa jina lake na gharama yake, na uthibitisho wa injini ilikotoka, kadi irekebishwe, ndipo mzungumze bei. Akikuambia "tutarekebisha baada ya kuuziana," muage vizuri uondoke. Mwombe pia ruhusa ya kupeleka namba zote mbili kwa wakaguzi wa magari wa polisi kabla ya malipo. Mwenye gari safi hukasirika kidogo halafu hukubali.

Sasa nirudi kwa lile nililosema tutalifikia.

Vijana mnazungumza kama injini iliyobadilishwa ni haramu. Mpwa, nusu ya magari yaliyolisha mji huu yalikuwa na injini za kuazima. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, spea zikawa hadithi. Tulikuwa tunachinja gari moja kuokoa mawili. Bloku ya gari la shirika lililopigwa mnada iliingia kwenye gari la mkulima wa Kinole, krankshafti ikatoka kwingine, pistoni tukazichonga zikubali. Baadaye biashara ilipofunguliwa, injini za mitumba za Japan zikaanza kujaa Gerezani, Dar es Salaam, na mafundi wa Morogoro tukajifunza kuzivalisha Land Rover, kwa sababu petroli ilikuwa ghali na dizeli ya Kijapani ilikuwa haichoki. Wagonjwa walifika hospitali kwa injini hizo. Mahindi yalishuka kutoka mlimani kwa injini hizo. Kazi ile sioni aibu nayo. Naiona ni kazi bora kuliko nyingi nilizofanya baadaye nikiwa na vifaa kamili.

Kosa letu lilikuwa moja, na nalikiri mbele yako. Hatukuandika. Tulishusha injini leo, kesho tukasahau ilitoka wapi, kadi ikabaki na namba ya marehemu. Kimya chetu ndicho kinachowapa madalali wa leo nafasi ya kuapa. Fundi mwenye daftari la shule la kurasa 96 angekuwa amewaachia ninyi ushahidi ambao hakuna makumbusho ya Uingereza yanayoweza kuutoa: mwaka gani, injini namba gani, ilitoka gari gani, nani alishuhudia.

Kwa hiyo gari lako la Kihonda nalihukumu hivi kwa sasa. Si orijino. Hilo limekwisha, na bei ya orijino isilipwe. Linaweza kuwa gari zuri la kazi kama injini iliyomo ina namba isiyoguswa, ina karatasi, na imekaa kwenye vikalio vya kuaminika. Linaweza kuwa balaa kama mojawapo ya hayo matatu halipo. Dalali amesema uongo mmoja mkubwa, na mtu wa namna hiyo huwa nao zaidi ya mmoja mfukoni. Habari ya mteja wa Dar es Salaam nayo uiweke kando. Huyo mteja nimemsikia tangu nikiwa kijana na sijawahi kumwona akifika.

Na kama ukilinunua, kazi yako ya kwanza kabla ya kupaka rangi ni kununua daftari. Ukurasa wa kwanza bandika ile karatasi ya penseli. Andika tarehe, andika umri wa chasisi, andika injini uliyoikuta, hata kama ni ya Toyota, andika hivyo hivyo. Siku utakapoliuza, mpe mnunuzi daftari pamoja na ufunguo.

Jumamosi nitapanda daladala la saa moja asubuhi kutoka Bigwa. Nitakuja na brashi yangu ya shaba, mafuta ya taa nunua wewe. Mwambie mwenye gari asilisafishe, asiliwashe, alituachie likiwa na vumbi lake. Mpaka nifike, usitoe hata shilingi.

Mjomba wako.